Kinachofuata Baada ya Tendo: Mwongozo wa Uimarishaji na Adhabu kwa Wazazi na Walimu wa Kanyosha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi na mwalimu wa Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, ambako malezi ya mtoto mmoja mara nyingi huwa mikononi mwa watu wengi kwa wakati mmoja: mama, baba, shangazi aliyehamia kutoka vijijini, jirani wa uani na mwalimu wa shule. Watu hao wote hubadili tabia za mtoto kila siku kwa yale wanayoyafanya mara tu baada ya mtoto kutenda jambo, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea pasipo wao kukusudia. Tawi la saikolojia linaloshughulikia suala hili hulieleza kuwa ni ujifunzaji kwa matokeo, yaani kiumbe hufanya tendo, tendo huleta tokeo, na tokeo hilo ndilo linaloamua kama tendo litarudiwa zaidi au litafifia. Hoja inayobeba mwongozo mzima ni kwamba matokeo hayo hayamfunzi mtoto peke yake. Humfunza pia mtu mzima anayeyatoa, na kwa kuwa mtu mzima hupata tokeo lake papo hapo, mara nyingi yeye ndiye anayejifunza upesi zaidi, hata pale anapojifunza jambo baya.

Msingi wa elimu hii uliwekwa mwaka 1898, pale Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alipochapisha utafiti kuhusu paka waliofungiwa katika masanduku ambayo mlango wake ulifunguka iwapo tu paka angevuta kamba au kukanyaga kibao. Paka mwenye njaa, akiona chakula kimewekwa nje, alihangaika huku na huku mpaka akaufungua mlango kwa kubahatisha, lakini kadiri alivyorudishwa ndani ndivyo muda wa kuhangaika ulivyopungua, hata mwishowe akawa anakwenda moja kwa moja kwenye kamba. Thorndike aliita jambo hilo kanuni ya athari: matendo yanayofuatwa na hali ya kuridhisha huimarika, na yanayofuatwa na hali ya kukera hudhoofika. Miaka 40 baadaye, mwaka 1938, B. F. Skinner alichapisha kitabu kuhusu panya waliobonyeza wenzo mdogo ndani ya sanduku ili wapate chembe ya chakula, na kutokana na kazi hiyo ndipo yalipopatikana maneno na vipimo vinavyotumika mpaka leo.

Aina nne za matokeo

Neno la kwanza ni uimarishaji, ambalo maana yake ni tokeo lolote linalofanya tendo lililolitangulia liongezeke. Neno la pili ni adhabu, ambalo katika elimu hii lina maana tofauti na ile ya barazani, kwa kuwa adhabu ni tokeo lolote linalofanya tendo lipungue, na si lazima liwe la kuumiza wala la kuaibisha. Kila moja kati ya hayo mawili laweza kutokea kwa njia ya kuongeza kitu au kwa njia ya kuondoa kitu, na hivyo zikapatikana aina nne. Mtoto anayekwenda bombani na dumu la maji bila kukumbushwa, akarudi na bibi yake akamsifu mbele ya wageni, kisha akawa anakwenda mapema zaidi siku zilizofuata, amepata uimarishaji wa kuongeza. Mwanafunzi anayelalamikia tumbo kila linapokaribia somo la hesabu, akaruhusiwa kwenda nyumbani, amepata uimarishaji wa kuondoa, kwa sababu kilichoondoka ni somo analoliogopa na kilichokua ni mazoea ya kulalamikia tumbo. Mtoto anayekaripiwa kwa kumpiga mdogo wake akaacha kumpiga amepata adhabu ya kuongeza, na yule anayekosa kwenda kucheza mpira jioni kwa kosa hilohilo, naye akaacha, amepata adhabu ya kuondoa.

Msomaji azingatie hasa uimarishaji wa kuondoa, kwa sababu watu wengi huuchanganya na adhabu, ilhali mambo hayo mawili yanapingana kabisa. Uimarishaji wa kuondoa hukuza tendo kwa kumwepusha mtendaji na kero, na ndio unaofanya watu waombe ruhusa, waseme uongo, wajifiche, na pia wavae koti la mvua na kulipa deni kabla ya mdai kubisha hodi.

Jambo lingine lisilopaswa kupitwa haraka ni kwamba aina ya tokeo haiamuliwi na nia ya anayelitoa, bali na kile kinachotokea kwa tendo baadaye. Mwalimu anayemkemea mvulana mtukutu mbele ya darasa zima, wenzake wakacheka na mvulana akazidisha utukutu, hakumwadhibu kamwe, hata kama sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Alichompa ni macho ya wanafunzi wote, na kwa mvulana aliyezoea kupuuzwa, hicho ni kitu cha thamani kubwa. Kwa upande mwingine, msichana mwenye haya anayesimamishwa ili apigiwe makofi kwa kujibu vizuri huenda akaacha kunyoosha mkono tangu siku hiyo, na hapo makofi yamekuwa adhabu ingawa yalitolewa kwa upendo. Kwa hiyo mzazi au mwalimu hawezi kujua kama anaimarisha au anaadhibu mpaka aangalie siku zinazofuata, na mwongozo wowote unaotoa orodha ya zawadi nzuri kwa watoto wote unamdanganya msomaji wake.

Fimbo humfunza anayeishika

Mtoto anayelilia andazi dukani hutoa mfano ulio wazi. Mama anakataa mara ya kwanza na ya pili, mtoto anaongeza sauti, wapita njia wanageuka kutazama, na mwishowe mama ananunua andazi ili kilio kikome. Katika tukio hilo mafunzo mawili yamefanyika kwa pamoja: mtoto amejifunza kwamba kilio kikubwa huleta andazi, na mama amejifunza kwamba kununua andazi huondoa aibu. La pili ni uimarishaji wa kuondoa, nalo hufanya kazi ndani ya mama hata kama anajua vizuri kwamba amekosea. Gerald Patterson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika jimbo la Oregon nchini Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1982 jinsi familia zinavyonaswa katika mzunguko wa namna hii wa kulazimishana, ambapo kila upande hushinda kwa kuwa mkali kidogo kuliko jana.

Kuchapa hufuata njia hiyohiyo, na ndiyo sababu mazoea yake hayang'oki kwa mahubiri. Mtoto anapiga kelele, mtu mzima anamchapa, kelele zinakoma mara moja. Ukimya huo ni tokeo la tendo la kuchapa, na tendo linaloleta ukimya ndani ya sekunde chache litarudiwa kesho. Kwamba kelele zilezile zimerudi baada ya saa mbili, au kwamba mtoto sasa anapiga kelele uani kwa jirani, ni tokeo la mbali ambalo haliwezi kushindana na lile la papo hapo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni, katika shule inayofundisha kwa zamu ya asubuhi na ya alasiri, hupata funzo hilo mara nyingi kwa siku, na kumlaumu kwa ukatili bila kuona kinachomfunza ni kumwonea. Anachohitaji ni tendo jingine ambalo litampa utulivu upesi, na mwongozo huu unalirudia suala hilo mbele.

Utafiti kuhusu adhabu hauna jibu moja rahisi, na mwandishi mwaminifu hana budi kulisema hilo. Katika majaribio ya mwaka 1938, Skinner aliacha kuwapa chakula panya waliozoea kubonyeza wenzo, na kwa baadhi yao akaufanya wenzo wenyewe uwapige miguuni kila walipoubonyeza mwanzoni. Panya hao waliacha kubonyeza kwa muda, lakini adhabu ilipokoma walirudia, na hatimaye jumla ya mibonyezo yao ikalingana na ya wale ambao hawakupigwa kabisa. Hata hivyo, kazi za Nathan Azrin na William Holz, zilizokusanywa katika maandishi ya mwaka 1966, zilionyesha kwamba adhabu inaweza kuzima tendo kwa muda mrefu endapo itakuwa kali tangu mara ya kwanza, itafuata tendo mara moja, itatolewa kila tendo linapofanyika bila kukosa, na mtendaji atakuwa na njia nyingine ya kupata kile alichokitafuta. Msomaji ayapime masharti hayo kwa maisha ya nyumba ya kawaida. Hakuna mzazi anayeona kila kosa, wala asiyechelewa, na anayeanza kwa adhabu ndogo akiiongeza polepole humzoeza mtoto kuvumilia, hata kinachohitajika baada ya mwaka kikawa kipigo ambacho mzazi huyo mwenyewe angekichukia kama angekiona mwanzoni. Masharti yanayoifanya adhabu kali ifanikiwe maabarani hayawezi kutimizwa nyumbani pasipo ukatili, na hukumu ya mwongozo huu ni kwamba kuchapa kuachwe kabisa.

Kuna madhara mengine yanayofuata kipigo hata pale kinapozima tendo. Kwanza, hakimfundishi mtoto afanye nini badala ya alilokatazwa. Pili, humfunga mtoto kwa uwepo wa mwadhibu: katika mji wowote, mwendesha pikipiki anayevaa kofia ngumu pale tu anapomwona askari amejifunza kumtambua askari, na mtoto anayetulia baba anapoingia amejifunza kuutambua mlio wa lango. Tatu, uongo na kujificha huimarika, kwa sababu humwepusha na maumivu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 na Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, uliokusanya tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, ulikuta kwamba kuchapwa makofi na wazazi kuliendana na ukaidi zaidi, fujo zaidi na afya dhaifu ya akili, na haukukuta manufaa ya muda mrefu. Ni kweli kwamba kuendana si sawa na kusababisha, kwa kuwa watoto wasumbufu huchapwa zaidi tangu awali, lakini baada ya miaka mingi ya utafiti anayedai kwamba fimbo hujenga ndiye anayedaiwa ushahidi.

Sheria za kanda hii zimekwenda kwa kasi tofauti. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, mkataba unaozitaka serikali zimlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inaviruhusu kwa kanuni zinazoweka kikomo cha viboko 4 chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu.

Panya wa Morogoro

Ushahidi bora katika Afrika Mashariki kwamba tabia ngumu inaweza kujengwa bila adhabu uko Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Hapo panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mafunzo huanza panya akiwa mdogo, kwa kumzoesha mikono na sauti za watu. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kibofyo hufuatwa na chakula, kama vile ndizi iliyopondwa pamoja na karanga. Mlio huo, ambao mwanzoni haukuwa na maana yoyote kwake, huwa kiimarishi cha pili, yaani kitu kilichopata nguvu kwa sababu kimeambatanishwa na chakula, na faida yake kubwa ni kwamba husikika katika nukta ileile panya anapotenda jambo sahihi, hata kama chakula chenyewe kitachelewa kidogo.

Baada ya hapo hufuata ujenzi wa hatua kwa hatua. Panya huimarishwa kwanza kwa kukaribia tundu lenye harufu inayotafutwa, halafu kwa kuingiza pua tu, halafu kwa kuishikilia pua hapo kwa sekunde chache, halafu kwa kulichagua tundu hilo kati ya mengine yasiyo na harufu hiyo. Akikosea, hapigwi wala hakemewi. Hakuna mlio na hakuna chakula, basi. Mafunzo yote huchukua takribani miezi 9, na mwishowe hupatikana mnyama anayetembea juu ya ardhi yenye mabomu, mwepesi kiasi cha kutoyalipua, na kukwaruza udongo pale anaponusa baruti. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza la PDSA mwaka 2020 baada ya kugundua mabomu mengi, akastaafu mwaka 2021 na kufa mwanzoni mwa mwaka 2022.

Kwa mzazi na mwalimu, sehemu yenye mafunzo mengi zaidi ni ile ya kifua kikuu. Panya hupitishwa juu ya safu ya sampuli za makohozi, ambazo baadhi yake tayari zimethibitishwa na kliniki kuwa na ugonjwa na nyingine hazijulikani. Mkufunzi hutoa mlio na chakula panya anapoitambua sampuli iliyothibitishwa, lakini hawezi kufanya hivyo kwa sampuli isiyojulikana, kwa sababu yeye mwenyewe hana jibu, na kumlipa panya kwa kubahatisha kungemfundisha kusimama popote. Nidhamu hiyo ya kutoimarisha jambo ambalo halijathibitishwa ndiyo inayokosekana katika nyumba nyingi. Mtoto anayeulizwa kama amemaliza kazi ya shule, akajibu ndiyo na kuruhusiwa kwenda kucheza, ameimarishwa kwa kusema ndiyo. Kama inatakiwa aimarishwe kwa kumaliza kazi, basi daftari lifunguliwe kwanza.

Kuanza kazi nyumbani

Mzazi anashauriwa achague tendo moja tu, alieleze kwa maneno ambayo mtu mwingine wa nyumba hiyo angeweza kuliona na kulihesabu, na asianze kubadilisha chochote kwa muda wa wiki moja. Kusema kwamba mtoto ni mkaidi hakusaidii, kwa kuwa ukaidi hauhesabiki. Kusema kwamba huchukua zaidi ya nusu saa kuitikia akiitwa aoge kunasaidia. Katika wiki hiyo, kila tendo linapotokea, aandike mambo matatu: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata katika dakika ile ile. Safu ya tatu ndiyo hazina. Mara nyingi mzazi hugundua kwamba tendo linalomkera hufuatwa na maongezi marefu naye, ilhali tendo analolitamani hupita kimya, na hapo hahitaji kubuni zawadi yoyote; inatosha kuyahamisha maongezi hayo.

Baada ya hapo atafute kiimarishi kisichogharimu fedha. David Premack alionyesha mwaka 1959 kwamba tendo ambalo mtu hulifanya mara nyingi akiwa huru linaweza kuimarisha tendo ambalo hulifanya kwa nadra, na kanuni hiyo inafaa sana katika nyumba ambazo faranga za zawadi hazipatikani. Mtoto anayekimbilia mpira kila jioni anaweza kuwekewa utaratibu wa madaftari kwanza, mpira baadaye. Anayependa kukaa na mama jikoni anaweza kupewa nafasi hiyo baada ya kuosha vyombo. Sifa nazo zina nguvu, mradi zitaje tendo lenyewe: kumwambia mtoto, “Asante mwanangu, umeosha sahani zote na kuzipanga,” humweleza kilichosifiwa, wakati kumwita mtoto mzuri hakumwelezi chochote anachoweza kukirudia kesho.

Mwanzoni tendo jipya liimarishwe kila linapotokea, na mara moja, kwa sababu tokeo linalochelewa huimarisha kile kilichotokea kabla yake tu, ambacho huenda ni jambo jingine kabisa. Mtoto asiyekaa kusoma hata kidogo aanzishiwe dakika 5, kisha 10, kisha 20, kama panya wa Morogoro anavyoanzishiwa kukaribia tundu kabla ya kudaiwa kulichagua. Tendo likishashika mizizi, uimarishaji upunguzwe polepole na utolewe bila mpangilio unaotabirika. C. B. Ferster na Skinner walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1957 kwamba tendo linaloimarishwa kwa nadra na kwa kubahatisha hudumu muda mrefu zaidi baada ya uimarishaji kukoma kuliko lile linaloimarishwa kila mara, na ndiyo siri ya michezo ya kamari na ya kubashiri matokeo ya mpira inayomaliza mishahara ya vijana. Siri hiyohiyo hufanya kazi kwa ubaya nyumbani: mzazi anayekataa kununua andazi siku 9 na kulinunua siku ya 10 amejenga kilio kigumu kuliko yule anayelinunua kila siku.

Tendo baya linalodumishwa na kusikilizwa linaweza kuzimwa kwa kulinyima tokeo lake, njia ambayo huitwa uzimishaji. Onyo moja ni la lazima. Kabla ya kufifia, tendo hilo huongezeka kwa muda; kilio huwa kikali zaidi, hoja huwa nyingi, mlango hugongwa. Mzazi asiyelitarajia hilo hudhani njia imeshindwa, hukubali wakati kilio kimefika kileleni, na hivyo huimarisha kilele chenyewe. Kwa sababu hiyo asianze uzimishaji mpaka watu wote wa nyumba, pamoja na bibi na jirani wa uani, wamekubaliana, na asiutumie kamwe kwa tendo linaloweza kumuumiza mtoto au mwenzake.

Adhabu ya kuondoa ina nafasi yake, lakini iwe ndogo, ifuate kosa mara moja, na iishe mapema ili mtoto apate fursa ya kutenda vyema siku hiyohiyo. Kukosa mchezo kwa robo saa kunafaa kuliko kukosa kwa wiki nzima, kwani mtoto aliyenyimwa kila kitu kwa wiki hana tena cha kupoteza. Bora zaidi ni kutengeneza alichokiharibu: aliyemwaga maji ayachote mengine, aliyemchania mwenzake daftari alishone na kunakili kurasa zilizopotea, jambo ambalo halipo mbali na desturi ya abashingantahe wa Burundi, wazee ambao katika kuamua migogoro huweka mbele fidia na upatanisho. Chakula kisiondolewe kamwe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa miaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na katika nchi ya namna hiyo kumlaza mtoto na njaa kwa kosa lolote ni kumdhuru mwili.

Darasa lililojaa

Mwalimu hawezi kumfuatilia kila mtoto mmoja mmoja, lakini anaweza kuyafanya matokeo yawe ya kundi. Njia iliyochunguzwa zaidi ni mchezo wa mwenendo mwema, uliochapishwa Marekani mwaka 1969 na Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf. Darasa hugawanywa katika vikundi, kanuni chache huandikwa ubaoni, na katika kipindi maalumu kila uvunjaji wa kanuni huwekewa alama kwenye kikundi husika. Kikundi kinachobaki chini ya kikomo hushinda, na vikundi vyote vinaweza kushinda kwa pamoja. Zawadi huwa fursa tu, kama kutoka kwanza wakati wa mapumziko au kuchagua wimbo. Mwalimu aanze na dakika 10 katika somo moja, si siku nzima, na kama mwanafunzi mmoja anaharibu kwa makusudi, awekwe kuwa kikundi chake peke yake ili wenzake wasimgeukie kwa hasira. Uzuri wa njia hii ni kwamba humpa mwalimu utulivu ndani ya dakika chache, yaani humpa yeye mwenyewe kiimarishi ambacho hapo awali alikipata kwa fimbo.

Malipo na mipaka yake

Ujifunzaji kwa matokeo hautawali watoto pekee. Tangu mwaka 2010 vituo vya afya kote Burundi vimekuwa vikipata sehemu ya fedha zao kwa kufuata kazi iliyofanyika na ubora uliopimwa, mpango ulioanza kwa majaribio mikoani mwaka 2006. Watafiti waliouchunguza waliripoti mwaka 2014 kwamba wanawake wengi zaidi walijifungulia vituoni na alama za ubora zilipanda, ingawa ubora kama ulivyoelezwa na wagonjwa wenyewe haukubadilika. Kilichopimwa na kulipwa kilikua. Kisichoonekana na mpimaji kilibaki pale pale. Tanzania nayo ina mfano wake katika mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, uliofanyika katika shule 350 mwaka 2013 na 2014: fedha za shule peke yake hazikupandisha alama za wanafunzi, ila pale zilipoambatana na bonasi za walimu zilizofuata matokeo ya watoto, matunda yalionekana wazi. Kiimarishi huongeza tendo ambalo mtendaji ana uwezo na vifaa vya kulifanya, na mwanafunzi asiye na kalamu hawezi kuandika kwa sababu tu ameahidiwa zawadi.

Kwa mambo ambayo mtoto tayari anayapenda, ahadi ya zawadi inaweza hata kudhuru. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake huko Marekani waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora cheti chenye utepe iwapo wangechora. Siku zilizofuata watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu, na wale waliopewa cheti kwa kushtukiza hawakupunguza. Kwa hiyo mtoto anayesoma vitabu kwa hiari yake aachwe asome, na mzazi amwonyeshe furaha tu.

Endapo wiki 3 au 4 zitapita tendo likiwa halijabadilika, mzazi arudie daftari lake aone kama kuna tokeo ambalo hakuliona, kisha aangalie mambo ambayo hakuna uimarishaji unaoweza kuyatibu: mtoto asiyeitikia apimwe masikio, asiyenakili ubaoni apimwe macho, anayesinzia darasani aulizwe alikula nini na alilala saa ngapi. Mtoto anayeshtuka kwa kila sauti, anayekojoa kitandani ghafla baada ya miaka ya kutokojoa, au anayekataa katakata kubaki na mtu fulani, hana tabia ya kurekebishwa. Ana hofu, na anahitaji mtu mzima amsikilize kwanza bila kumkatiza, kisha ampeleke kwa mhudumu wa afya.